Maoni ndani ya PDF ni changa la macho!

Najua nimekuwa kimya siku nyingi. Sikuwa safarini wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na aibu. Sasa aibu imepungua na hasira imechukua nafasi yake, na nina hasira ya kutosha kuandika, kwa hiyo vuta kiti.

Hebu nikuulize kwanza. Umewahi kutumiwa hati ya PDF na bosi wako, au msimamizi wako wa chuo, akakwambia "nimeweka maoni yangu humo ndani", ukaifungua ukaikuta safi kama shuka la hotelini? Ukajiuliza, maoni gani anayoyasema mzee huyu? Halafu ukaona haya kuuliza, ukajibu "asante, nimeyaona"? Kama hayajakukuta, una bahati. Mimi yamenikuta mabaya zaidi ya hayo, na aliyelipa gharama si mimi. Ni mama mmoja muuza vitumbua wa Manzese.

Stori yenyewe ni hii. Niliandika makala ndefu kwa ajili ya jarida moja (sitalitaja, bado wananidai na mimi nawadai) kuhusu wenye nyumba wanaotaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mama huyu alizungumza nami kwa uwazi kuliko wapangaji wote niliowahoji, na alikubali jina lake litumike. Lakini usiku wa kuamkia siku ya kwenda mitamboni alipiga simu chumba cha habari. Alikuwa amesikia kwamba mwenye nyumba ameshaambiwa kuna mpangaji wake anaongea na waandishi. Akaomba, tafadhali wanangu, jina langu liondoeni.

Mhariri alimsikiliza na akamhakikishia. Ni mtu mwema, sina ugomvi na moyo wake. Ugomvi wangu ni na alichofanya baada ya kukata simu. Alifungua PDF ya kurasa zangu, akabonyeza pembeni ya jina la mama yule, akaweka kijikaratasi cha njano, vile vinavyofunguka ukivigusa, na ndani yake akaandika kwamba jina liondolewe, liwekwe la kubuni. Kwenye kurasa hizohizo alikuwa ameshaandika masahihisho mengine matatu kwa herufi nyekundu, moja kwa moja juu ya ukurasa: tarakimu moja, koma moja na kichwa kidogo cha habari. Akatutumia faili mimi na msanifu kurasa, na ujumbe wa mstari mmoja: maoni yangu yamo ndani, rekebisheni, tunakwenda mitamboni saa nne.

Mimi nilikuwa kwenye daladala. Nikafungua faili kwa simu, nikaona herufi nyekundu sehemu tatu. Nikashuka, nikaingia steshenari, kwa sababu makala ya kurasa nne siwezi kuihakiki kwenye kioo cha simu nikiwa nimebanwa dirishani. Kijana wa steshenari akanichapia, shilingi 200 kila ukurasa. Kwenye karatasi pia palikuwa na herufi nyekundu sehemu tatu. Nikakaa kwenye benchi lao, nikahakiki kwa kalamu, nikampigia msanifu kurasa: kaka, zile tatu nimezikubali, malizia.

Msanifu naye, kwenye kompyuta yake, alikuwa anaona picha ndogo ya njano karibu na jina la yule mama. Hakuibonyeza. Alidhani ni alama ya mambo yetu mimi na mhariri, na kwa kuwa mwandishi mwenyewe amepiga simu akasema ni tatu, basi kwake zilikuwa tatu.

Jarida likatoka na jina lake. Jina kamili, na mtaa.

Kodi yake ilikuwa inaisha mwezi uleule. Mwenye nyumba alikataa kupokea nyingine. Hivi sasa mama yule anaishi Chamazi, na wewe unayeijua Dar unajua umbali wa Chamazi na Manzese, tena kwa mtu anayetakiwa kuwa na vitumbua vya moto barabarani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Wateja wake hawakuhama naye. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, si nilipiga simu?"

Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini? Kwamba ombi lake lilikuwa kwenye kijikaratasi ambacho hakichapiki?

Ofisini tulipokutana kutafuta mchawi, mhariri aligeuza kompyuta yake ili wote tuione. "Mbona mimi nayaona?" Na kweli, kwake kijikaratasi kilikuwa wazi, maneno yote yanasomeka. Msanifu akageuza yake, pana picha ya njano peke yake. Mimi nikatandaza karatasi zangu mezani, hapana kitu. Watu watatu, faili moja, na kila mmoja ana ukweli wake. Ndipo ilipokuja kauli ambayo ndiyo imenifanya niandike leo: "Lakini ulitakiwa kubonyeza."

Ulitakiwa kubonyeza! Nibonyeze nini, karatasi?

Nimetumia wiki kadhaa kusoma jambo hili, maana hasira ya mtu asiyejua chochote ni kelele tu. Nilichokikuta kimeniudhi zaidi. PDF ilizaliwa kwa ahadi moja kubwa. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Adobe, aliandika waraka mfupi wa mradi alioupa jina la Camelot. Kilio chake kilikuwa kwamba hakuna njia ya kumtumia mtu hati ikaonekana na kuchapika vilevile kwenye mashine yoyote. Mwaka 1993 Adobe wakatoa Acrobat na mfumo wa PDF, na mwaka 2008 mfumo huo ukafanywa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Ndiyo maana mkataba wako wa kazi na tiketi yako ya ndege huja kwa PDF. Tumefundishwa kuamini kwamba ninachokiona mimi ndicho unachokiona wewe.

Kwa ukurasa wenyewe, ahadi imetimizwa kwa kiasi kikubwa. Kwa maoni, hapana. Maoni si sehemu ya ukurasa. Yanahifadhiwa pembeni, kwenye orodha yake, na programu unayosomea ndiyo inayoyaleta na kuyaweka juu ya ukurasa, kama mtu anayebandika vipande vya karatasi juu ya kitabu cha mwenzake. Kila oni hubeba alama zake ndogo zilizofichika: lionekane au lisionekane, lichapwe au lisichapwe. Na sikiliza hii: kwa kanuni ya mfumo, alama ya kuchapa isipowashwa, oni hilo halitakiwi kuchapwa hata kama unaliona kwenye kioo kwa macho yako mawili. Nani anaiwasha alama hiyo? Programu iliyotumika kuandika oni. Aliyeandika hajui, na aliyeandikiwa ndiyo kabisa.

Kijikaratasi cha njano kina kisa chake peke yake. Ile picha ndogo ni kitu kimoja, na kidirisha chenye maneno ni kitu kingine. Inawezekana kabisa picha ikachapwa na maneno yasichapwe. Herufi nyekundu za mhariri wangu zilikuwa aina nyingine ya oni, lile linaloandikwa juu ya ukurasa bila kidirisha, ndiyo maana zenyewe zilifika mpaka steshenari. Kwa macho ya mhariri yote manne yalikuwa maoni tu. Kwa macho ya printa yalikuwa viumbe tofauti. Kama yote yangepotea, ningeshtuka na kupiga simu. Yaliyoniponza ni yale matatu yaliyoonekana.

Halafu kuna suala la sura. Kwa kiwango kile cha mwaka 2008, oni liliweza kuwekwa ndani ya faili bila picha yake, na kila programu ikaachiwa ilichore inavyojua. Toleo la pili la kiwango, la mwaka 2017, ndilo lililotaka maoni ya aina nyingi yabebe sura yake yenyewe. Lakini faili za zamani zipo, na programu za zamani zipo, na steshenari za mitaani kwetu zina kompyuta ambazo hakuna anayekumbuka zilisasishwa lini. Simu nazo zinafungua PDF kwa programu yoyote iliyokuja nazo. Ukifungua faili ndani ya barua pepe, au ndani ya WhatsApp, au kwenye kivinjari, usidhani umefungua kitu kilekile mara tatu.

Sasa, wapo watakaosema nalalamika bure kwa sababu njia ipo. Kweli ipo. Kwenye programu ya Adobe ya kusomea, ukifika kwenye dirisha la kuchapa, kuna sehemu ya maoni na fomu ambapo unachagua hati peke yake au hati pamoja na alama zake, palipoandikwa Document and Markups. Ukichagua hiyo, utapata mistari ya rangi na picha za vijikaratasi, lakini maneno yaliyo ndani ya vijikaratasi bado usiyategemee. Kwa hayo inabidi uingie kwenye mipangilio ya programu, utafute sehemu ya maoni, uwashe kijisanduku cha kuchapa vidirisha. Au ubonyeze kitufe cha Summarize Comments, kinachokutengenezea orodha ya maoni yote na kurasa yalipo. Kitufe hiki ni kizuri sana. Nimefanya kazi ya habari miaka saba na sikuwahi kuonyeshwa kitufe hiki na mtu yeyote.

Naomba nieleweke. Sisemi njia haipo. Nasema njia iliyofichwa nyuma ya milango mitatu, kwa Kiingereza cha kihandisi, si njia kwa mtu mwenye dakika ishirini kabla ya mitambo kuwaka. Na kijana wa steshenari hana kosa lolote. Ulimpa flashi au ulimtumia kwa WhatsApp, akabonyeza kuchapa, akakupa ulichoomba.

Wapo pia wenye hoja ya maana zaidi, na hii sitaki kuipita haraka. Wanasema ni sahihi maoni yasichapwe yenyewe. Fikiria umemaliza ripoti, unaichapa kwa ajili ya mkutano wa bodi, halafu kwenye ukurasa wa tano linatokea oni la bosi wako: "huyu aliyeandika aya hii alikuwa amelala?" Nani anataka hivyo? Maoni ni mazungumzo ya jikoni, wanasema, mgeni apelekewe sahani.

Nakubali. Mimi mwenyewe nimewahi kula kwenye jiko la watu. Taasisi moja ilinitumia ripoti yake ya mwisho, imepambwa, ina nembo. Nilipoifungua kwenye kompyuta nikakuta maoni ya ndani hayajaondolewa, mojawapo likishauri idadi fulani isitajwe. Wao walikuwa wameichapa, karatasi zikatoka safi, wakaamini faili nalo ni safi. Niliwapigia kuwauliza kuhusu idadi hiyo. Ukimya uliofuata kwenye simu ile nitaukumbuka mpaka uzeeni. Na wenzao wakubwa yamewakuta. Mwaka 2005 jeshi la Marekani lilitoa ripoti ya kuuawa kwa Nicola Calipari, afisa wa ujasusi wa Italia aliyepigwa risasi na askari wa Marekani huko Baghdad. Sehemu za siri zilikuwa zimefunikwa kwa rangi nyeusi. Wasomaji wakanakili maneno na kuyabandika kwenye ukurasa mwingine, na majina ya askari yakasomeka. Yale hayakuwa maoni ya mhariri, lakini kosa ni la ukoo mmoja: mtu kuamini kwamba anachokiona kwenye kioo au karatasi ndicho chote kilichomo kwenye faili.

Kwa hiyo hoja ya siri inanisaidia mimi. Mwenye siri anaumia kwa kutojua kwamba maoni yapo, na mwenye kazi anaumia kwa kutojua kwamba maoni yapo. Wote wawili walihitaji kuambiwa kitu kimoja, tena kwa sentensi moja kabla ya kuchapa: hati hii ina maoni manne, yatakayochapwa ni matatu. Basi! Uchague mwenyewe. Programu inayajua maoni hayo, maana orodha iko ndani ya faili, kuyahesabu si kazi. Inakuonya wino ukipungua. Inakuonya karatasi ikiwa ndogo. Inakuuliza mara mbili kama una uhakika unataka kufunga dirisha. Lakini ikiacha sentensi ya mtu nyuma, hainong'oni hata kidogo.

Kwa nini? Mimi nadhani ni kwa sababu waliozitengeneza hawakuwa wanamfikiria mtu anayesoma kwenye karatasi. Kwao maoni ni kitu cha watu wawili waliokaa kwenye kompyuta mbili nzuri, zenye programu ileile ya kulipia. Kumbuka kwamba mpaka Reader X ilipotoka mwaka 2010, mwenye programu ya bure ya Adobe hakuweza hata kuweka kijikaratasi kwenye PDF ya kawaida, mpaka mwenye programu ya kulipia awe ameifungulia hati hiyo ruhusa. Yaani kutoa oni lilikuwa jambo la wenye nazo. Sisi wa steshenari na simu za mkononi tumeingia kwenye sherehe hii kwa mlango wa nyuma, na viti havikupangwa kwa hesabu yetu.

Lakini leo sitaki kuwapiga wazungu wa programu peke yao, maana hiyo ni rahisi na haimsaidii mtu. Wahariri, wasimamizi wa tasnifu, wanasheria, mameneja: nyinyi mnaoandika maoni mnajiosha mikono mapema mno. "Nilishaweka kwenye PDF." Kuweka si kufikisha. Ukimwachia jirani ufunguo chini ya zulia, unamwambia uko chini ya zulia. Mhariri wangu angeweza kuandika ndani ya ule ujumbe wake wa mstari mmoja maneno matano tu: jina la mama yule liondoke. Angeweza kupiga simu, maana simu ndiyo iliyomletea ombi lenyewe. Angeweza kuipitisha hati kwenye uchapaji wa PDF huku vidirisha vimewashwa, ili maoni yagandishwe ndani ya ukurasa na kila anayefungua ayaone, apende asipende. Badala yake, jambo la usalama wa mtu lilipewa uzito uleule wa koma, tena koma ndiyo iliyofika.

Na wanafunzi wenzangu wa zamani mlioko vyuoni: msimamizi anakurudishia sura ya pili ya tasnifu, unaikuta ina mistari ya njano bila neno hata moja, unaanza kubahatisha anataka nini. Usibahatishe. Mistari ile ina uwezekano mkubwa wa kuwa na maneno nyuma yake. Ifungue kwenye programu nyingine. Omba orodha ya maoni. Muulize ni mangapi. Nilijiona mshamba kuuliza swali hilo, na huo ustaarabu wangu wa kijinga ndio uliomhamisha mtu Manzese.

Maana na mimi simo nje ya kesi hii. Nilisaini. Nilisema "malizia". Mwandishi ndiye anayemjua mtu aliyezungumza naye, na niliridhika na karatasi kwa sababu karatasi ilikuwa na majibu matatu rahisi.

Jarida lilichapa radhi toleo lililofuata, ukurasa wa ndani, bila kutaja jina lake safari hii. Mwenye nyumba sidhani kama aliisoma.

Jana jioni ofisi nyingine kabisa imeniletea kazi, kurasa 12, na barua pepe fupi: tazama maoni yangu ndani. Nikampigia mhariri wao. Dada, samahani, una maoni mangapi humo? Akaguna. Akaniuliza kama nina haraka. Nikamwambia sina, hesabu tu taratibu. Akahesabu kwa sauti mpaka tisa. Mimi kwenye simu yangu nilikuwa nayaona sita. Tukaanza ukurasa wa kwanza, kutafuta matatu.